Gawanya kwa Tano

Mbithe alikuwa na kazi ya simu. Alikaa kwenye mitambo ya kampuni moja ya bima pale mjini, ghorofa ya pili, vidude vya kusikilizia vimemkaa masikioni tangu asubuhi hadi jioni, akichomeka waya huku na kuchomoa kule. Mtu akipiga, kabla hajajitaja jina, Mbithe ameshamjua. Alimjua mwenye hasira kwa anavyovuta pumzi, na alimjua bosi aliyesema yuko mkutanoni naye yuko pale pale mezani anatafuna njugu. Watu wengine hutazamana machoni wajue nani mkweli. Yeye aliinamisha kichwa kidogo, akasikiliza.

Mimi naitwa Mishi, na mtaani waliniita Mama Twahir. Kwetu ni Mombasa. Nililetwa Nairobi na mume wangu Hemed, aliyekuwa na duka la baiskeli na vipuri karibu na River Road, na tulipohamia mtaa wa Jamhuri mwaka wa sitini na tisa, jirani wa kwanza kutugongea mlango alikuwa Mbithe na sahani ya viazi vitamu. Alilitazama buibui langu, akavitazama viatu vyangu vya wazi, akasema, "Wewe baridi itakuua. Kuja kwangu nikupatie sweta." Tangu siku ile hapakuwa na ukuta baina yetu isipokuwa ule wa matofali.

Kwao ni Kangundo, huko Ukambani. Mumewe Kisilu alianza kama tarishi wa serikali, enzi za mkoloni, na Ijumaa akitoka kazini alipanda baiskeli yake nyeusi akaenda kwao, Jumapili akarudi, maili zote zile bila kulalamika. Walipooana alimbeba Mbithe kwenye keria, sanduku la nguo limefungwa mbele, akamleta mjini. Mbithe alipenda sana kuisimulia safari ile. "Sura yake sikuwa nimeizoea, Mama Twahir. Hiyo njia yote mimi niliona tu mgongo. Lakini mguu yake, ai, hiyo niliijua mpaka mahali anachoka na mahali anajifanya hachoki." Akicheka, mimi nami hucheka.

Uhuru ulipokuja, Kisilu alipanda haraka. Akawa karani, akawa karani mkuu, akapewa ofisi yenye zulia na gari la kwenda nalo. Baiskeli nyeusi alipewa binamu huko nyumbani. Tumbo likaja mbele, shingo ikapotea, na kila mwisho wa wiki nyumba yao ilinuka mbuzi wa kuchoma. Sikatai, alikuwa mtu mcheshi na mwenye mkono mkunjufu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitalini: hakuweza kuonekana mdogo mbele ya mtu yeyote. Ukimshinda kwenye mchezo wa bao, hakukusalimu wiki nzima.

Mwaka wa sabini na tatu kifua kilimkamata akipanda ngazi za ofisini. Alipelekwa hospitali kuu kule juu ya kilima, akalazwa, akapimwa, na daktari, kijana mmoja mpole mwenye miwani, akamwita Mbithe pembeni. Moyo umechoka. Chumvi basi, mafuta basi, nyama nyekundu basi, pombe ndiyo kabisa. Dawa kila siku, na mazoezi ya miguu kila jioni, taratibu, mwendo ukiongezwa kidogo kidogo. Mwendo huo, alisema, ndio utakaomwambia moyo umefika wapi, kwa hiyo kila wakirudi kliniki apewe habari zake.

Mbithe alirudi nyumbani macho makavu. Baba yake alikufa kwa moyo, shambani, wakiwa wamebeba gunia la maharagwe yeye na binti yake, huyu ameshika ncha hii na yule ile. Ghafla ncha ile ikawa nzito. Aliniambia hayo mara moja tu, akamalizia, "Huyu hafi. Mimi nimekataa." Na alikataa kwelikweli. Alianza kula anachokula mumewe, kabichi ya kuchemsha isiyo na chumvi, maharagwe yasiyo na kitunguu cha kukaanga, ili mgonjwa asijione peke yake mezani. Mwaka mzima! Mimi nilionja ile kabichi siku moja kwa heshima tu, nikaimeza kama dawa ya minyoo.

Taabu ilikuwa mazoezi. Daktari alisema atembee, lakini karani mkuu atembee kando ya Ngong Road na viatu vya raba, kila anayepita amuulize gari limekwenda wapi? Hakutaka. Ndipo Mbithe akaenda kwenye mnada wa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama nchi, akarudi na baiskeli ya mazoezi: gurudumu moja la chuma mbele, kiti, pedali, usukani, na miguu minne iliyoikita sakafuni. Watoto wa mtaa walikuja kuiona baiskeli isiyokwenda popote. Saa yake ya kuonyesha mwendo ilikuwa imekufa, mshale umelala kwenye sufuri, ukizungusha usizungushe.

Nikamwita Hemed aje aitazame. Alifika alasiri akiwa bado na kofia yake ya msikitini, akaizunguka, akaipiga piga, akasema saa ile haina tiba lakini mwendo utajulikana. Alileta baiskeli yake ya kawaida uani, akaweka pedali juu, akatia alama ya chaki kwenye sakafu, akaisukuma taratibu mpaka pedali ikazunguka na kurudi juu, akatia alama nyingine. Akapima baina yake kwa kamba. Yadi sita, kasoro kidogo au zaidi kidogo.

"Basi," akamwambia Mbithe, "kila pedali ya bwana ikizunguka mara moja humu ndani, hesabu amekwenda yadi sita huko barabarani. Lakini usijichoshe na yadi. Hesabu inazunguka mara ngapi kwa dakika moja, gawanya kwa tano, jibu ndilo maili kwa saa."

"Kwa tano tu?"

"Kwa tano tu. Ila kuna sharti, shemeji. Hii skrubu ya breki iwe imekazwa, mguu uhisi uzito wa barabara. Ikilegea atakuwa anazungusha upepo, na hiyo hesabu ni ya bure."

Kulikuwa na jambo jingine. Mkono wa pedali ya kulia ulikuwa umepinda, na kila ukishuka uligonga bati la kufunika mnyororo. Ko. Hemed alitaka kuunyoosha. Mbithe akamshika mkono. "Wacha hiyo. Hiyo ndiyo itaniambia mimi nikiwa jikoni."

Na haja ya kusikiliza akiwa jikoni ilikuwepo, kwa sababu Kisilu alikataa katakata kuonekana. Mtu mzima na fulana, jasho linamchuruzika, anazungusha miguu asiende popote? Baiskeli iliwekwa chumba cha nyuma, chenye mlango mmoja wa kuingilia ndani na mwingine wa kutokea uani. Kila jioni saa kumi na mbili aliingia, akaufunga ule mlango wa ndani kwa ufunguo. Mbithe hakugonga wala hakuchungulia. Sisi wanawake wa umri ule tulilelewa hivyo, kwao Kangundo na kwetu Mombasa pia: mwanamume akijifungia na udhaifu wake, mke humwachia mlango wake. Alikaza skrubu asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, na jioni akasimama jikoni akikoroga sufuria, jicho kwenye saa ya ukutani, sikio kwenye ukuta.

Mwanzo ilikuwa huruma. Ko... ko... ko... kisha kimya kirefu. Ishirini na mbili kwa dakika. Gawanya kwa tano.

"Hata hafiki maili tano," alisema Mbithe. "Huo ni mwendo ya mtu anasukuma baiskeli imetoboka."

"Mwache, ndiyo anaanza," nikamwambia.

Mwezi haujaisha, tukasikia arubaini. Mbithe aliacha mwiko ndani ya sufuria. Arubaini ni maili nane! Baadaye hamsini. Na siku moja, naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimempelekea sahani ya kaimati, mlio ulianza na haukusita, ko, ko, ko, ko, sawasawa, nusu saa nzima. Mbithe alihesabu kwa midomo, vidole vimeshika ukingo wa sinki. Sitini. Akanigeukia na machozi yanamtoka.

"Sitini, Mama Twahir. Maili kumi na mbili. Hiyo ndiyo mwendo yake ya zamani. Hiyo ndiyo ile ya Kangundo."

Usiku wake nilimweleza Hemed tukila. Akaacha kutafuna. "Kumi na mbili kwa nusu saa ni maili sita. Hapa mpaka Kinoo. Na skrubu imekazwa?"

"Anaikaza mwenyewe."

"Mtu wa moyo?" Akatikisa kichwa. "Mimi sina moyo mbaya, na Kinoo siendi kwa nusu saa. Haya, Mungu ni mkubwa."

Ndiyo, tulimwona Kisilu akishuka garini na kusimama kwanza akishika mlango, akivuta pumzi. Mbithe naye alimwona. Lakini alikuwa na jibu: miguu hupona kwanza, mwili mwingine hufuata. Mtu aliyenyimwa tumaini mwaka mzima, ukimpa kidogo, atalitafutia jibu kila swali. Na hivi angemshuku vipi? Alikuwa ameisikia pedali kwa masikio yake.

Kliniki iliyofuata alipeleka habari yake akiwa amevaa gauni la Jumapili. Daktari hakuamini. Alimuuliza Kisilu, "Kweli unafika mwendo huo?" Kisilu akatabasamu na kusema mke wangu ndiye msimamizi, muulize yeye. Mbithe akaeleza kila kitu, yadi sita, kamba, kugawanya kwa tano, skrubu. Daktari alifurahi, akamsifu, akasema moyo unaoweza kazi hiyo hauhitaji dawa nyingi kiasi kile. Akaipunguza hadi nusu.

Jumapili ile Mbithe alisimama kanisani kutoa shukrani. Mimi sikuwepo, kanisa si kwangu, ila alinisimulia. Wao wana desturi: aliyetendewa jema husimama mbele ya wote, akalitaja, na wenzake wakaimba. Alitaja mwendo wa mumewe mbele ya kanisa zima, maili kumi na mbili kwa saa, na kina mama wakapiga vigelegele, na Kisilu akainuka kwenye benchi akapunga mkono. Akapunga mkono, jamani! Nikilikumbuka hilo hata leo natamani kurusha kitu.

Haikupita hata wiki tatu. Ilikuwa jioni, mvua imekatika, mimi niko jikoni kwa Mbithe nachambua mchicha. Nyuma ya ukuta mlio unakwenda vizuri. Mara mlango wa mbele ukapigwa ngumi, akaingia mtu mwenye aproni ya damu, anahema. Ni Kiragu, mwenye bucha ya kule Kona, ile ambayo nyuma yake kuna meza za kuchomea nyama na kreti za bia.

"Mama, kuja haraka. Mzee ameanguka kwangu."

"Mzee gani?"

"Bwana Kisilu. Mzee wa hapa."

Mbithe alicheka. Wallahi alicheka, akajifuta mikono kwa aproni yake. "Kiragu, umekosea mtu. Bwana yangu iko hapa ndani. Sikia."

Tukasikiliza sote watatu. Ko, ko, ko, ko.

"Sitini na mbili," akasema Mbithe, na sauti yake ilikuwa na fahari.

Kiragu alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Mama, mimi nimemshika kichwa na hii mikono. Anakuja kwangu kila siku hii saa. Kiti yake iko hapo karibu na moto, anakula nyama, anakunywa chupa yake mbili, anarudi. Mimi nilijua unajua."

Nilimwona Mbithe akiinamisha kichwa vile vile alivyozoea, kama mtu aliye kazini anayejaribu kuijua sauti. Mlio uliendelea, sawasawa, bila kusita. Kisha akatoka mbio. Hakwenda mlango wa ndani uliofungwa. Alizunguka uani, akausukuma ule mlango wa nyuma, nao ulikuwa umerudishiwa tu.

Juu ya baiskeli alikuwa Nthiwa, ndugu yake.

Nthiwa alikuwa kijana mkubwa, wa miaka ishirini na kitu, mdogo wake Mbithe wa mwisho. Mama yao alikufa akimwacha anaota meno, na Mbithe ndiye aliyemfunga mgongoni, akamnywesha uji, akamsomesha, na alipokosa kazi akamleta mjini na kumpa chumba cha uani. Kila mara Mbithe alipomtaja alimwita "huyu mtoto wangu." Alitugeukia, miguu bado inazunguka kwa mazoea, jasho kwenye kidevu. Halafu miguu ikasimama, na ule mlio ukakatika.

"Tangu lini?" Mbithe aliuliza.

"Dada, si mimi, ni yeye alisema..."

"Nimeuliza tangu lini."

Nthiwa akaangalia usukani. "Zile ishirini zilikuwa zake. Kuanzia hapo arubaini ni mimi."

"Kwa nini?"

"Alisema ataniingiza kazi ofisini kwao. Akasema usijali, ni kukufurahisha wewe tu."

Sikuwahi kumwona Mbithe akimpiga mtu, na hata siku ile hakumpiga. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kile kiti cha baiskeli Nthiwa aliposhuka. Mimi nilikuwa nimeshapiga simu dukani. Hemed akaja na gari lake la mizigo, tukamkuta Kisilu amelazwa juu ya meza ya Kiragu, rangi imemtoka, kifungo cha shati kimefunguliwa. Tulimpandisha. Njia nzima kuelekea kilimani Mbithe alikaa nyuma sakafuni, kichwa cha mumewe mapajani. Kinywa chake kilinuka mafuta ya mbuzi na bia.

"Afadhali ingekuwa mwanamke," aliniambia, kwa sauti ile ile ya kazini, pole pole. "Mwanamke ningejua niseme nini. Nimekula kabichi mwaka mzima, Mama Twahir. Nimesimama kanisani. Na hiyo dawa, mimi ndiye niliambia daktari apunguze."

Hilo la dawa ndilo lililomla. Nilimwambia kosa si lake, nikarudia, nikarudia.

Mungu alimhurumia Kisilu. Alipata fahamu, akaanza kuongea, akaanza kuwatania wauguzi. Lakini daktari yule mwenye miwani hakuwa na raha. Siku ya kufikiria kumruhusu alikuja na faili mkononi, akatukuta tumezunguka kitanda: Mbithe, mimi na chupa yangu ya uji, Nthiwa amesimama karibu na dirisha, na mchungaji wao aliyekuja kumwombea mgonjwa.

"Bwana Kisilu," alisema daktari, "jambo moja haliniingii akilini. Mtu mwenye nguvu za kuendesha maili kumi na mbili kwa saa, nusu saa kila siku, hawezi kuanguka akiwa amekaa kwenye kiti. Ama kuna ugonjwa mwingine ambao sijauona, ama hukuendesha. Niambie, nijue dawa ya kukupa."

Mbithe alimtazama mumewe. Ilikuwa nafasi yake. Sentensi moja tu, na hakuna ambaye angemla.

"Nimeendesha, daktari," alisema Kisilu. "Kila siku. Siku ile nilimaliza, nikatoka kidogo kunyoosha miguu."

"Baba Munyiva," Mbithe akasema taratibu. Munyiva ndiye binti yao. "Mwambie."

"Nimwambie nini? Nimeshamwambia."

Daktari akafunga faili. "Vizuri. Hapa chini tuna chumba cha mazoezi, na baiskeli kama yako iko, saa yake ni nzima. Tutashuka polepole. Nipe dakika tano tu, hata nusu ya mwendo ule, nione moyo unafanya nini. Kama kweli umezoea hivyo, hilo halitakusumbua."

Nilidhani sasa atasema. Mtu yeyote angesema. Kisilu alimtazama mchungaji, akamtazama daktari, kisha akalirusha blanketi kando na kuanza kutafuta kandambili kwa miguu. Akasimama ameshika chuma cha kitanda. Midomo ilikuwa ya kijivu, naye anatabasamu. "Twende basi," akasema. "Dakika tano ni kitu gani?"

"Nthiwa," Mbithe aliita. Hakumgeukia.

"Dada?"

"Sema wewe."

Nthiwa alitazama nje dirishani kama aliyeona kitu huko. "Mimi sijui mambo ya huko ndani, dada. Mimi hukaa kule uani."

Ulimi ulinipanda mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme yote, la bucha, la mlango wa nyuma, la kiti karibu na moto, na Kisilu na cheo chake waende zao. Mbithe alinishika mkono chini ya buibui, akanifinya kwa nguvu mpaka nikanyamaza. Aliitazama miguu ya mumewe. Yule mtu alikuwa ameshapiga hatua moja kuelekea mlangoni.

"Daktari," akasema, "makosa ni yangu. Mimi nilihesabu vibaya."

Wote wakamgeukia.

"Nilikuwa nahesabu mguu ya kulia na mguu ya kushoto pia, halafu nikagawanya. Yeye hakufika hata thelathini. Alikuwa anaenda pole pole, vile ulisema. Ni mimi nilifanya ikawa mingi. Mrudishe kitandani."

Daktari alivua miwani. Hakupandisha sauti, na nafikiri ingekuwa afadhali angepandisha. "Mama, unajua nilimpunguzia dawa kwa sababu ya hesabu yako? Unajua angeweza kufa?"

"Najua."

"Jambo kama hilo, kama huna hakika, unauliza."

"Ndiyo, daktari."

Kisilu alikaa kitandani taratibu, akavuta pumzi ndefu, blanketi akalivuta mpaka kifuani. Daktari aliandika dawa ipandishwe tena kama zamani, na akafuta habari za ile baiskeli ya chini. Mchungaji alikohoa, akatazama Biblia yake, akasema neno la upole kuhusu wanawake na haraka za mapenzi. Mbithe aliitikia amina.

Nilimkamata ukumbini. Nilimtikisa, kusema kweli. "Kwa nini? Kwa nini ujibebeshe wewe?"

"Angepanda, Mama Twahir," akanijibu. "Umemwona. Angepanda hiyo baiskeli mbele yangu afe, kuliko aseme. Sasa ningefanya nini?"

Kisilu aliishi. Alikunywa dawa kama alivyoandikiwa, na bucha ya Kiragu hakukanyaga tena, nadhani kwa hofu zaidi kuliko kwa toba. Nthiwa aliingizwa kazi wizarani, kama alivyoahidiwa, akahamia chumba chake mjini, na Krismasi alimletea dada yake khanga. Mbithe aliipokea, akasema asante, na sijawahi kumwona akiivaa. Aliendelea na kazi yake ya simu. Kwa Kisilu hakubadilika mbele za watu: alimpikia, alimfulia, alimwita Baba Munyiva. Ila kitu kimoja mimi jirani nilikijua. Akizungumza naye, hakuinamisha tena kichwa kusikiliza.

Mwaka wa sabini na saba Munyiva aliposwa, na nyumba ilijaa wageni, wakwe kwa marafiki. Kisilu alikaa katikati yao na suti mpya, akiwachekesha. Mmoja akamuuliza aliponaje moyo. "Mimi?" akasema. "Mimi moyo haukuniweza. Nusura aniue huyu hapa!" Akamnyooshea kidole Mbithe aliyekuwa akizunguka na trei. Akasimulia yote, kuhesabu jikoni, mguu wa kulia na wa kushoto, maili kumi na mbili, daktari alivyomkaripia mwanamke mbele ya mchungaji. Alisimulia vizuri, kwa vituo na kwa mikono, mpaka wakwe wakashika mbavu. Nami niliyekaa karibu niliona jambo lililonitisha kuliko yote: hakuwa akidanganya tena. Ameshaamini.

"Hesabu hajui kabisa," alimalizia, akipangusa machozi ya kicheko, "lakini nimemsamehe."

Watu wakampigia makofi kwa kusamehe. Mbithe alisubiri yaishe, akauliza nani bado hajapata chai.